Jubilei, maadhimisho na kumbukizi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Shule, parokia, chama au ndoa inapokaribia miaka 25 au 50, huundwa kamati, na kamati haimalizi vikao viwili kabla ya kuanza kubishania maneno. Nimekaa katika kamati za namna hiyo kwa miaka mingi, mara nyingi nikiwa katibu, kwa hiyo kazi ya kuandika kadi, bango na risala huniangukia mimi. Maswali yaliyo hapa chini ndiyo ninayoulizwa zaidi. Mengine hupigiwa simu usiku, mchapaji akiwa amesimama kwenye mashine anangoja jibu.

Jubilei, maadhimisho, kumbukumbu, kumbukizi, sherehe: si ni kitu kimoja?

Hapana, na ukiyachanganya watu hulihisi kosa hata kama hawawezi kulieleza.

Maadhimisho yanatokana na kuadhimisha, yaani kukipa kitu adhama. Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule uliotupa neno adhimu. Ndiyo maana Wakatoliki husema padre anaadhimisha Misa, hawasemi anaisherehekea. Unaweza kuadhimisha miaka 50 ya zahanati kwa kuchangia damu na kupanda miti, bila ngoma wala pilau, na bado umeadhimisha kikamilifu.

Sherehe ni ile furaha yenyewe: chakula, muziki, vigelegele, watu kutuzana. Sherehe inaweza kuwa sehemu ya maadhimisho, lakini si kila maadhimisho yana sherehe.

Kumbukumbu ni neno pana mno. Linabeba siku ya ndoa, mnara uliojengwa njia panda, hata yale yaliyoandikwa katika kikao. Kumbukizi ni jembamba zaidi, na Tanzania limeshika hasa kwa kumkumbuka aliyetangulia au tukio zito. Tarehe 14 Oktoba tuna kumbukizi ya Mwalimu Nyerere, siku aliyofariki mwaka 1999. Tarehe 7 Aprili ni kumbukizi ya Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa siku hiyo mwaka 1972.

Jubilei ndiyo yenye masharti ya namba. Miaka 13 haina jubilei. Ina kumbukumbu tu, na hakuna ubaya.

Neno jubilei limetoka wapi, na liandikweje?

Limetoka mbali. Katika Biblia, Mambo ya Walawi sura ya 25, Waisraeli wanaagizwa wahesabu miaka saba mara saba, kisha mwaka wa hamsini upigwe mbiu nchi nzima: watumwa waachiwe, na ardhi iliyouzwa kwa shida irudi kwa wenyewe. Kwa Kiebrania mwaka huo huitwa yovel, neno la pembe ya kondoo dume iliyopulizwa kuutangaza. Neno likapita Kigiriki na Kilatini hadi likatufikia. Biblia ya Kiswahili ya Union imeandika "yubile". Kanisa Katoliki linasema "jubilei", na hilo ndilo lililoenea Tanzania kwa shule, mashirika na ndoa. Kenya utasikia zaidi "jubilii", na "Jubilee" kwa tahajia ya Kiingereza ni jina la muungano wa kisiasa, kisha chama, uliozaliwa kuelekea uchaguzi wa mwaka 2013, mwaka ambao nchi ilikuwa inatimiza miaka 50 ya uhuru.

Mimi huandika jubilei. La muhimu ni kuchagua moja na kulishika kuanzia kadi hadi bango. Nimeona hafla moja yenye tahajia tatu: moja kwenye kadi, nyingine kwenye fulana, ya tatu kwenye keki.

Napenda pia watu wajue hiyo asili ya kuachiwa huru na kurudishiwa. Kamati moja niliyoitumikia iliposikia habari hii iliamua kufuta madeni ya ada ya wanafunzi wa kidato cha mwisho ambao vyeti vyao vilikuwa vimezuiwa. Wazazi wao walilia mbele ya watu. Hiyo ilikuwa jubilei kwa maana yake ya kwanza kabisa.

Fedha, dhahabu, almasi na platinamu: ni miaka mingapi kila moja?

Fedha ni miaka 25 na dhahabu ni 50. Hapo hakuna ubishi.

Almasi ndiyo inayogombanisha watu. Zamani Ulaya almasi ilihusishwa zaidi na miaka 75. Malkia Victoria wa Uingereza alipotimiza miaka 60 ya utawala mwaka 1897, sikukuu yake ikaitwa ya almasi, na tangu hapo 60 imekuwa almasi kwa watu wengi. Kwa hiyo shule inayosema almasi ni 75 haijakosea, inafuata desturi ya zamani. Lakini kama mtaita 60 almasi leo, msije mkaita 75 almasi tena. Miaka 70 wengi huiita platinamu: Malkia Elizabeth wa Pili aliyeingia utawalani tarehe 6 Februari 1952, akiwa safarini Kenya karibu na Nyeri, aliadhimisha jubilei ya platinamu mwaka 2022.

Afrika Mashariki maneno haya hayakuja kwa watawala wa Uingereza peke yao. Yalikuja pia na mizani. Aga Khan wa Tatu, Imamu wa Waismaili tangu 1885, alipotimiza miaka 50 ya uimamu alipimwa kwa dhahabu Bombay mwaka 1936, kisha Nairobi. Alipotimiza 60 alipimwa kwa almasi, Bombay kwanza, kisha Dar es Salaam Agosti 1946. Thamani ya kilichowekwa upande wa pili wa mizani haikubaki kuwa pambo, iliingizwa katika miradi ya jamii ya Waismaili. Ukumbi wa Diamond Jubilee pale Upanga, ambako nusu ya Dar es Salaam imewahi kula harusi, unabeba jina la jubilei hiyo. Kampuni ya bima ya Jubilee, iliyoanza Mombasa mwaka 1937, nayo jina lake limetoka kwenye ile ya dhahabu.

Zanzibar wanayo yao. Bustani ya Forodhani, wanakouza pweza na urojo jioni, ilijulikana pia kama Bustani ya Jubilee, kwa kumbukumbu ya miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, 1911 hadi 1936. Jina la serikali likafifia, la forodha likabaki.

"Jubilei ya fedha" haileti maana ya pesa?

Huleta, hasa kwa vijana, kwa sababu fedha ya madini na fedha ya mfukoni zimevaa neno moja. Nimewahi kumsikia mtoto akiuliza mbona zawadi zenyewe ni vikombe kama ni jubilei ya fedha. Lakini neno limezoeleka na halihitaji kubadilishwa. Kama mnaona litachanganya, andikeni "Jubilei ya Miaka 25" na mambo yataenda.

Miaka mingine haina vito?

Inayo, ila kwetu haijashika. Orodha ya Wazungu ya ndoa inaweka lulu kwa 30, marijani kwa 35, yakuti nyekundu kwa 40, yakuti samawi kwa 45 na zumaridi kwa 55. Majina haya yote yamo katika Kiswahili tangu zamani, ya yakuti samawi na zumaridi unayakuta hata katika Ufunuo. Inasikitisha kuona kadi imeandikwa "rubi" wakati yakuti lipo na ni zuri zaidi mdomoni. Wapo wanaoipa tanzanaiti mwaka wa 24. Kwa kuwa jiwe hilo linachimbwa Mererani na si kwingine popote duniani, ningefurahi kuona wanandoa wa Arusha na Manyara wakilipa nafasi.

Tunahesabuje? Kamati yetu imegawanyika katikati.

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ndilo linaloharibu mabango mengi, kwa hiyo nitakaa nalo.

Anza na mtoto. Mtoto aliyezaliwa leo hana mwaka. Siku kama ya leo mwakani ndipo hutimiza mmoja. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Siku ile yenyewe haikuwa kumbukumbu ya kwanza. Ya kwanza ilikuwa tarehe 9 Desemba 1962, siku nchi ilipogeuka jamhuri. Miaka 50 ikatimia 2011. Toa mwaka wa mwanzo kwenye mwaka wa sasa: 2011 kutoa 1961 ni 50. Basi.

Ugomvi unatokea kwa sababu kuna kitu cha pili kinachohesabiwa, nacho ni mara. Chukua shule iliyofunguliwa Januari 1976. Krismasi yake ya kwanza ilikuwa Desemba 1976, kwa hiyo Krismasi ya 50 ilikuwa Desemba 2025. Lakini shule yenyewe ilitimiza miaka 50 Januari 2026. Mahafali ni hadithi nyingine kabisa: wanafunzi wa kwanza walimaliza Kidato cha Nne mwishoni mwa 1979, kwa hiyo mahafali ya 50 yatakuja 2028. Katika shule hiyohiyo moja, mtu anayesema 2025, anayesema 2026 na anayesema 2028 wote wanaweza kuwa sahihi, kila mmoja akihesabu kitu chake. Nimeona wajumbe wakinuniana miezi miwili kwa jambo hili, na lilimalizwa na mwalimu mkuu mstaafu aliyechora mstari ubaoni na kuandika miaka chini yake mmojammoja.

Angalia pia tofauti ya kuingia na kutimiza. Mwaka 2025 shule ile ilikuwa imeuingia mwaka wake wa 50, ilikuwa haijautimiza. Watu wanaopenda kuzindua mapema hutumia mwanya huo, na si vibaya: zindueni mwanzoni mwa mwaka wa 50, fanyeni kilele siku ya kutimiza. Jubilei ya Kanisa Katoliki ya 2025 ilifanyika kwa namna inayofanana na hiyo, ilikuwa kipindi na si siku moja. Mlango Mtakatifu wa Basilika la Mtakatifu Petro kule Vatikani ulifunguliwa tarehe 24 Desemba 2024 na ukafungwa tarehe 6 Januari 2026.

Niandike "maadhimisho ya 50" au "maadhimisho ya miaka 50"?

Andika "maadhimisho ya miaka 50". Ukiandika "ya 50" unasema mmeadhimisha mara hamsini, na huenda mliadhimisha mara mbili tu.

Kosa jingine, ambalo limenifanya nirudi kwa mchapaji saa tatu usiku, ni "Miaka 50 ya Jubilei ya Shule Yetu". Hapo jubilei ndiyo yenye umri wa miaka 50. Geuza: "Jubilei ya Miaka 50 ya Shule Yetu". Na msirundike. "Maadhimisho ya kusherehekea sherehe za kutimiza miaka 50" ni bango lililochoka kabla halijatundikwa.

Mwaka wa kuanza ni upi? Kila mzee anataja wake.

Wazee huwa hawadanganyi, hutaja mianzo tofauti. Mmoja anakumbuka siku waliyokutana chini ya mwembe, mwingine siku ya usajili, wa tatu siku jengo lilipozinduliwa. Taasisi kubwa nazo zilibidi zichague. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinahesabu kuanzia Oktoba 1961, kilipoanza kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London na wanafunzi wachache wa sheria Mtaa wa Lumumba, ingawa kikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970. Kanisa Katoliki Tanzania Bara liliadhimisha miaka 150 ya uinjilishaji mwaka 2018, likihesabu tangu mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofika Bagamoyo mwaka 1868. Walitokea Zanzibar, walikokuwa wamekwishakaa miaka kadhaa. Chama Cha Mapinduzi kinahesabu tangu tarehe 5 Februari 1977, na waliochagua tarehe hiyo walikuwa wanaikumbuka tarehe 5 Februari 1957, siku ya ASP, chama cha Zanzibar kilichoungana na TANU kuizaa CCM. TANU yenyewe ni ya tarehe 7 Julai 1954, ile Saba Saba tunayoijua sote.

Na nchi je? "Miaka 60 ya Uhuru wa Tanzania" ni maneno yanayohitaji uangalifu. Kilichopata uhuru 1961 ni Tanganyika, ndiyo maana hati rasmi husema Tanzania Bara. Muungano ulizaliwa tarehe 26 Aprili 1964 na ukatimiza miaka 60 mwaka 2024. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, lakini siku inayoadhimishwa ni tarehe 12 Januari, ya Mapinduzi ya 1964. Mnara ule mrefu wa Michenzani ulijengwa kwa miaka 50 ya Mapinduzi, si ya uhuru wa Desemba.

Ushauri wangu: tafuteni karatasi. Cheti cha usajili, barua ya askofu, daftari la mahudhurio, risiti ya bati la kwanza. Mkiikosa karatasi, chagueni mwanzo mmoja, kisha mwandike katika risala kwa nini mmechagua huo, na mianzo mingine mitajwe kwa heshima. Mzee ambaye mwaka wake haukuchaguliwa asiondoke akidhani ameitwa mwongo.

Kilele, uzinduzi, mgeni rasmi, halaiki: yanahusu nini?

Ni lugha ya uwanjani. Maadhimisho makubwa huzinduliwa, huendelea kwa wiki au mwezi wa michezo, maonesho na usafi wa mazingira, kisha hufika kilele, siku yenyewe. Mgeni rasmi ndiye anayesomewa risala, na risala husomwa na wenyeji. Mgeni hasomi risala, anatoa hotuba. Gwaride ni la majeshi. Halaiki ni la watoto na vijana wanaochora maumbo na maandishi kwa miili yao uwanjani, na aliyewahi kufanya mazoezi ya halaiki juani kwa miezi miwili hasahau maisha yake yote. Zanzibar usiku wa kuamkia siku kuu hurushwa fashifashi, yaani fataki.

Muongo, nusu karne, karne: tunaweza kuyatumia?

Mnaweza, na hupendeza kwenye risala. Muongo ni miaka 10, wingi wake miongo. Miaka 25 ni robo karne, 50 nusu karne, 150 karne moja na nusu. Kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa cha Zanzibar, kilichoanzishwa 1905, kilitimiza karne mwaka 2005. Yanga ya 1935 na Simba ya 1936 bado zina safari. Angalia tahajia tu: "mwongo" wengi watamsoma msema uongo.

Kwa ndoa tunasemaje?

Watu wengi wamezoea kusema "anivesari", na mtaani utaeleweka. Kwenye kadi andika "kumbukumbu ya ndoa" kwa mwaka wa kawaida na "jubilei ya ndoa" kwa 25, 50 na 60. Salamu za kutafsiri kama "furaha ya maadhimisho" hazina ladha. Kiswahili kina hongera, na hongera hutaka sababu: "Baba na Mama, hongereni kwa kutimiza miaka 50 ya ndoa. Mungu awazidishie afya na awaweke pamoja." Kwa wazee wa Pwani, "Alhamdulillahi, Mola kawafikisha, awajaalie heri mbele" huwaingia zaidi.

Makanisani wanandoa hurudia ahadi zao mbele ya altare. Watoto hudhani wazazi watazisoma kwa sauti ya kawaida. Niliwahi kusimama na karatasi ya maneno hayo mkononi, tayari kumsaidia babu wa miaka 78 akisahau. Hakuitazama. Aliyasema yote, akafika "katika magonjwa na afya" akanyamaza, akaushika mkono wa bibi uliokuwa umepooza tangu miaka mitatu nyuma, akaufungafunga vidole taratibu kwenye wake, ndipo akaendelea. Waandaaji wa ratiba: mpeni babu muda wake. MC asimkimbize.

Waislamu wana jubilei?

Neno lenyewe si la kidini kwetu, lakini madrasa, misikiti na vyama huadhimisha miaka yao kwa kisomo, dua na karamu. Wanazuoni wanatofautiana juu ya kusherehekea siku za kuzaliwa na kumbukumbu za kila mwaka, kwa hiyo kamati ya msikiti ianze kwa imamu wake, si kwa mchapaji. Maulidi yenyewe, mwezi wa Mfungo Sita, yana historia ndefu Pwani, na yale ya Msikiti wa Riyadha pale Lamu yamekuwa yakivuta watu kutoka kila upande kwa zaidi ya miaka 100.

Jambo la hesabu: mwaka wa Hijria una siku kama 354, ni mfupi kwa siku 11 hivi. Madrasa iliyotimiza miaka 50 ya Miladia imekwishatimiza 51 ya Hijria. Taja kalenda mnayoitumia.

Tunaadhimisha tukio la huzuni. Maneno gani yanafaa?

Hapa naomba mtu asikimbilie violezo. Niliwahi kuletewa kadi ya familia iliyoandikwa "Sherehe ya miaka 10 ya kifo cha mama yetu mpendwa". Waliichapisha bila nia mbaya, walinakili kadi ya harusi na kubadilisha majina. Ilibidi dada mkubwa aambiwe kwa upole, na kadi zote 200 zikarudiwa.

Msiba hauna sherehe, hauna hongera wala "kusherehekea maisha" kwa wengi wetu. Una kumbukizi, kumbukumbu, misa ya kumwombea marehemu, hitima, dua. Kitenzi chake ni kukumbuka: "Tunamkumbuka mama yetu, leo imetimia miaka 10 tangu atutoke."

Taifa nalo hufanya hivyo. Songea kila tarehe 27 Februari hukumbukwa mashujaa wa Majimaji walionyongwa na Wajerumani siku hiyo mwaka 1906. Watu wa Kanda ya Ziwa hawaisahau tarehe 21 Mei 1996, siku MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza. Nairobi na Dar es Salaam zina tarehe 7 Agosti 1998, siku ya mabomu ya balozi za Marekani. Majirani zetu wa Rwanda wameipa kumbukizi ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi jina Kwibuka, yaani kukumbuka, na Mswahili akilisikia analitambua bila mkalimani. Mwaka 2024 ilikuwa Kwibuka ya 30. Hakuna aliyeiita jubilei.

Kaulimbiu nzuri ikoje?

Fupi, yenye vitenzi, inayoweza kutamkwa na umati. Ya miaka 50 ya Uhuru wa Tanzania Bara mwaka 2011 ilikuwa "Tumethubutu, Tumeweza na Tunazidi Kusonga Mbele", na watu wanaikumbuka hadi leo kwa sababu kila neno linafanya kazi. Zanzibar wana mawili tu, "Mapinduzi Daima", na yametosha miaka yote. Linganisha na kaulimbiu nyingi za taasisi zinazoanza na "Kuelekea uimarishaji wa ushirikishwaji endelevu". Hakuna bibi atakayeiimba hiyo.

Na ujumbe wa kanga au kitenge cha jubilei?

Kanga ina pindo, mji na jina. Namba ya miaka na nembo ziwekwe kwenye mji, jina libaki kuwa jina: methali, dua, au neno la kujivunia. "Hamsini si haba, tumshukuru Mola" linavaliwa hata miaka kumi baadaye. "Jubilei ya Miaka 50 ya Kikundi cha Akina Mama 1976–2026" likiwa ndilo jina, doti hiyo itaishia kufungia mizigo. Agizeni mapema, miezi mitatu au minne kabla, msome sampuli herufi kwa herufi, na asomaye awe mtu mwingine, asiwe aliyeandika.

Waasisi tuwaenzi vipi?

Wawe mbele. Katika hafla moja ya shule, viti vya mbele vilivyofunikwa vitambaa vilijaa wageni waliofika kwa magari, na mama aliyewapikia uji wanafunzi wa kwanza, akiwa na fimbo yake, aliketishwa nyuma ya spika. Hakulalamika. Jina lake lilisomwa katika risala, watu wakapiga makofi wakitazama huku na huku kumtafuta, naye hakuweza kusimama haraka, mshereheshaji akapita jina linalofuata. Bado linaniuma, maana ratiba niliiandika mimi.

Tangu hapo nina utaratibu. Orodha ya waasisi hutangulia orodha ya wageni rasmi. Kila mmoja anafuatwa nyumbani wiki moja kabla, anaulizwa afya yake na nani atakayemsindikiza. Gari linamfuata. Akifika, mtu mmoja kijana ana kazi moja tu siku nzima, kukaa naye. Jina lake likitajwa, kipaza sauti kinakwenda alipo yeye. Na waliofariki wanatajwa kwa majina kamili, si "na wengine wengi".

Sherehe imekwisha. Picha na makaratasi tuyafanye nini?

Hili huulizwa mara chache kuliko yote, natamani lingeulizwa kwanza. Siku ya kilele ndiyo siku pekee ambayo waliokuwepo mwanzoni wako sehemu moja, na picha za zamani zimetolewa kabatini. Wekeni meza moja pembeni, kivulini, yenye picha hizo, penseli laini na kijana mwenye mwandiko unaosomeka. Kalamu ya wino hupenya upande wa pili, ndiyo maana nasema penseli. Kila mzee apitie picha, ataje majina, na kijana ayaandike nyuma: mstari wa nyuma, kuanzia kushoto, nani, nani, huyu wa tatu hatumjui, huyu aliyeshika mpira ndiye aliyekuja kuwa mwalimu wetu. Akitokea wa kumtambua yule wa tatu saa kumi jioni, ongezeni.